Fomu ya Ombati na Bibi Yake

Wanafunzi wangu, na nyinyi ambao hamkuwahi kuwa wanafunzi wangu mkamshukuru Mungu, nasikia mwaka huu mmepewa tena zile karatasi za kuchagua masomo na kazi. Mjukuu wangu Moraa alinionyesha yake juzi. Ameikunja mara nne, na mstari wa kwanza bado mtupu. Nilicheka, maana miaka imepita na wino umebadilika, lakini mistari ni ile ile mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizikusanya karatasi hizo katika shule moja ya milima hii yetu ya Kisii. Nyingi nilizisimamia vizuri, kadhaa niliziharibu, na moja nusura imharibie kijana maisha yake. Hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza, lakini msinikimbize. Mwalimu aliyestaafu hana kengele.

Mimi mwenyewe sikujaza fomu. Miaka ya thelathini hakukuwa na fomu. Nilisoma shule ya misheni upande wa Nyamira, ya Wasabato, na tulipomaliza masomo mhubiri mkuu alitupanga mstari uwanjani, akapita akitutazama kama mtu anayenunua ng'ombe. Alitazama mikono na vifua. "Wewe mwenye mikono mikubwa, useremala. Wewe una sauti, uhubiri." Alipofika kwangu akasimama. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. "Kijana nadhifu," akasema. "Ualimu." Shati lile lilikuwa la binamu yangu. Nililiazima asubuhi hiyo kwa sababu langu lilikuwa limetoboka mgongoni. Binamu yangu alisimama nyuma yangu amevaa shati langu lililotoboka, naye akapelekwa kuchoma matofali. Hajanisamehe vizuri mpaka leo, ingawa matofali yale yalimjengea nyumba kubwa kuliko yangu.

Kwa hiyo msije mkadhani anayewashauri alichaguliwa kwa hekima.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Petro, mtu wa ziwani, aliyekuja kufundisha kwetu na baiskeli moja na mke mmoja mcheshi sana. Ekegusii hakukijua, nasi Kijaluo hatukukijua, basi tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Siku moja aliniona nikizunguka darasani na daftari, nikimwuliza kila mtoto anataka kuwa nani. Aliningoja nitoke, akanishika bega.

"Mwalimu, acha kuuliza hivyo. Huyo mtoto atakutajia mtu wa mwisho aliyemwona amevaa viatu."

"Sasa nimwulize nini?"

"Mwulize akitumwa dukani anachelewa wapi."

Vijana, nimesoma vitabu kadhaa vya ushauri tangu siku hiyo na sijaona swali linalolishinda hilo. Mtoto akitumwa chumvi anarudi jua limezama, kuna mahali miguu yake ilisimama. Mmoja alikuwa akichelewa penye daraja, akitazama wale mafundi wa barabara wakipima kwa kamba. Huyo leo anapima mashamba. Mwingine alichelewa kanisani akipanga viti ambavyo hakuna aliyemtuma avipange. Nilimwambia padri wao, maana alikuwa Mkatoliki, na padri akaona mbali kuliko mimi: huyo leo naye ni padri. Hata nyinyi jiulizeni. Ukitumwa, unachelewa wapi? Wala usiniambie ni kwa marafiki, hiyo si kazi.

Nilikosea pia, tena kwa kujiamini. Nilidhani kila Mgusii anapenda ng'ombe, basi nikampeleka kijana mmoja chuo cha mifugo bila kumwuliza. Baada ya wiki tatu alirudi kwa miguu, suruali imechanika, akaniambia, "Mwalimu, nimekimbizwa na fahali wa serikali." Kumbe tangu utotoni ng'ombe walikuwa wakichungwa na dada zake, yeye akikaa nyumbani kushona viraka. Leo ana cherehani kule Suneka, na suruali niliyovaa ninapoandika ni kazi ya mkono wake. Mara nyingine niliwatuma watoto wa Kisabato kwenye usaili bila kuangalia siku. Ilikuwa Jumamosi, na mimi mwenyewe ni Msabato! Aliyegundua ni mpishi wa shule, Mkatoliki, alipoona nawafungia viazi vya safari. "Mwalimu, hawa wataenda kwa mzungu ama kwa Mungu?" Tangu hapo, barua yoyote ikija, kabla ya kusoma jina la chuo nasoma siku. Nanyi fanyeni hivyo.

Basi zikaja fomu. Ilikuwa miaka ya hamsini imeanza, na shule yetu ilikuwa na kidato cha nne, watoto wachache waliochujwa mpaka wakabaki wembamba. Nilizipokea karatasi kwa furaha kubwa. Nilipozikusanya nikasoma ya kwanza: karani, karani, karani. Ya pili: karani, karani, mwalimu. Ya tatu: karani, karani, karani mkuu. Ungedhani Kisii nzima ni ofisi moja haina mtu wa kulima. Sababu ilikuwa rahisi. Fomu ilipelekwa nyumbani ikawekwe sahihi na baba, na kila baba alijua kazi moja tu ya mtoto aliyesoma, ile ya kukaa kivulini na kalamu sikioni.

Fomu moja ilikuwa na mstari tofauti. Ombati, kijana wa Birongo, aliandika karani, karani, na chini kabisa, kwa maandishi madogo yanayojificha, utabibu. Nilimjua. Katika somo la sayansi hakuna aliyemkaribia. Na nilijua anachelewa wapi: kwenye zahanati, dirishani, akimtazama dresa akisafisha vidonda. Baba yake alikuwa amemchapa mara kadhaa kwa chumvi iliyochelewa. Nilichukua kalamu, nikageuza mistari, utabibu ukawa juu. Msifanye hivyo kwenye fomu ya mtu, lakini mimi nilifanya na sijutii.

Chuo cha utabibu kilitaka kijana mmoja tu kutoka kwetu. Daktari Mzungu wa wilaya ndiye angewahoji, naye aliniambia angependa pia awepo mzee wa mahali, mtu anayezijua familia, ili asije akachukua mtoto wa mlevi. Akaniuliza kama namjua mzee wa namna hiyo. Hapo ndipo akili yangu ilipojifanya hodari. Nikamtaja Mzee Onsongo wa Birongo, mzee wa baraza, mtu wa heshima, jirani kabisa wa kina Ombati. Alitahiriwa mwaka mmoja na baba yake Ombati, asubuhi moja, kwenye mto mmoja. Nikawaza, mtoto akiingia akaona uso wa nyumbani, moyo wake utatulia.

Siku ya usaili nilikaa pembeni kama karani wa kikao. Daktari alisema maswali yatakuwa ya Kiswahili, maana tabibu ataongea na watu wala hataongea na vitabu, na pia Mzee Onsongo afuate. Ombati aliingia amesimama wima. Alipomwona Mzee Onsongo kwenye kiti, macho yake yakashuka yakaganda kwenye sakafu.

"Watu napata minyoo ya tumbo namna gani?" daktari akauliza.

Swali hilo nilikuwa nimelifundisha mimi mwenyewe, na Ombati aliwahi kunisahihisha. Nikatabasamu, nikangoja. Kimya. Daktari akarudia. Kimya. Jasho likaanza kumtoka mtoto kwenye paji la uso. Mzee Onsongo, kwa wema wake wote, akainama mbele akasema, "Sema, mwanangu. Usiogope." Ndipo kijana akawa jiwe kabisa.

"Mayai ya minyoo natoka wapi? Choo ni ya nini?"

Kimya.

"Huyu hapana jua kitu," daktari akasema, akaandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti, naisikia mpaka leo.

Nje nilimkemea. Naona aibu kuyarudia maneno yangu, lakini nimeahidi kuwaeleza makosa. Nilimwambia ulimi wake umeliwa na panya. Nilimwambia mficha uchi hazai, na kwamba asipojibu maswali atakufa na elimu yake tumboni. Alisimama akitazama vidole vya miguu yake. "Nimekosa, Mwalimu," akasema, basi. Niliondoka nimekasirika sana, na chini ya hasira ile nilikuwa na huzuni, kwa sababu nilimpenda kijana huyo na nilijua orodha ya vijana wa wilaya ingepelekwa chuoni Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikienda bila jina lake, mlango umefungwa. Baba yake alikuwa tayari amemtafutia ukarani wa kahawa.

Jumapili nilisukuma baiskeli mpaka Birongo kwenda kumwambia baba yake kwamba ukarani si kitu kibaya. Mzee alinipokea vizuri, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tukaongea habari za mvua. Ombati alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, hakutokea. Nilipoaga, sauti ikaniita kutoka nyumba ndogo ya pembeni.

"Wewe mwalimu wa baiskeli, njoo hapa."

Alikuwa bibi yake Ombati, mama wa baba yake, mwanamke mfupi mwenye meno machache na macho ya kutosha. Wote walimwita Magokoro, yaani bibi. Alikuwa barazani akipepeta wimbi. Nilisimama mbele yake kwa adabu, maana alikuwa na umri wa mama yangu.

"Mume wangu huyu amerudi kutoka kwa mzungu hali chakula," akasema. Mume wangu ndiye Ombati. Ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Nyinyi nyote mmemwuliza kwa nini hakusema, na kwenu hajajibu. Mimi ameniambia."

"Amekwambia nini, mama?"

"Nitakwambia. Lakini kwanza wewe umesoma, siyo? Unajua yote aliyotaka yule mzungu?"

"Najua."

"Basi nitajie hapa. Mimi mama yako nasikiliza. Taja hayo mayai yanatoka wapi kwa mtu, na choo ni cha nini, na mtu anafanyaje humo. Usiache kitu."

Nilifungua kinywa. Vijana, nilikuwa na vyeti. Nilikuwa nimefundisha somo hilo mwaka baada ya mwaka mbele ya ubao. Nilifungua kinywa na hakuna kilichotoka. Uso ulinichoma. Nilijikuta natazama viatu vyangu kama nimevinunua asubuhi ile. Magokoro aliendelea kupepeta, akaningoja, kisha akacheka mpaka ungo ukamwangukia magotini.

"Kumbe na wewe hujui kitu! Nikuandikie sifuri?"

Kwa wale mliozaliwa mjini nitaeleza, na wale wa nyumbani mnivumilie. Sisi tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya na heshima inayokaa kati ya mtu na wale wa kizazi cha wazazi wake. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mtoto hataji mambo ya mwili mbele ya baba, na kila aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako pia. Lakini ukiruka kizazi kimoja, haya yote inakwisha. Bibi na mjukuu hutaniana, hutukanana, huambiana kila kitu. Mimi nilimchukua kijana nikamweka mbele ya baba yake, nikamwambia ataje kinyesi, kisha nikamkemea kwa kuwa mtoto mwenye adabu. Na nilijua haya yote! Niliyanyonya. Nilidhani tu kwamba shuleni hayaingii, kwamba mtu huyaacha langoni pamoja na fimbo yake. Wala Ombati asingeweza kunieleza hata mimi, kwa sababu na mimi ni wa rika la baba zake.

Nilimwomba Magokoro msamaha. Akasema msamaha haulishi mtu, niende kwa mzungu.

Jumatatu nilikwenda. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya, lakini aliniuliza swali lililonishinda.

"Kama yeye naogopa mzee moja, Mwalimu, tapima wazee namna gani? Nusu ya wagonjwa ni baba yake."

Nikasema, "Bwana Daktari, mwulize yeye mwenyewe. Mpe dakika kumi, na uniruhusu nilete mtu mwingine badala ya Mzee Onsongo." Akafungua kitabu chake, akasema Alhamisi asubuhi, wala si zaidi ya dakika kumi.

Nilimpelekea Magokoro ujumbe, nikajitolea kumbeba kwa baiskeli. Alikataa baiskeli. Alisema hawezi kwenda mjini kama gunia. Walitembea, yeye na mjukuu wake, kutoka Birongo mpaka mjini, na walipofika yeye ndiye aliyekuwa hajachoka. Alivaa leso mpya na alikuwa na ndizi za kuiva mkononi, zawadi ya mzungu. Aliziweka juu ya makaratasi yake bila kuuliza.

Daktari alizitazama ndizi, akanitazama mimi, kisha akamwambia Ombati, "Fundisha huyu mama habari ya minyoo. Kwa lugha yake. Mwalimu tasema mimi kwa Kiingereza."

Hapo nikaona shimo lingine mbele yangu, maana ni mimi niliyetakiwa kuyatafsiri maneno yale mama akiwa pale pale. Niliomba ruhusa nikasimama dirishani, nimewapa mgongo wote. Kwa Kiingereza maneno hayo hayakunichoma, yalikuwa ya watu wengine.

Ombati alichuchumaa mbele ya bibi yake. "Magokoro, unakumbuka tumbo la yule mtoto Kerubo?"

"Lililofura? Nalikumbuka."

Akamweleza. Akaanza na tumbo la mtoto, akaenda mpaka nyuma ya migomba ambako watoto hujisaidia, akamwonyesha namna mvua inavyosambaza uchafu, na mkono unavyoushika, na mkono huo huo unavyoshika wimbi. Alitaja kila kitu kwa jina lake, bila kukwama, hata mimi nilijifunza mawili matatu. Magokoro alimkatiza kila hatua.

"Ngoja. Migomba ya nyuma ya nyumba yangu ilikuwa yako wewe ulipokuwa mdogo. Kumbe ni wewe uliyenipa minyoo!"

"Ni mimi, Magokoro. Nisamehe."

"Na ndizi za huyu mzungu zimetoka hapo hapo."

Nilitafsiri na hilo. Daktari alizisogeza ndizi kidogo kwa kalamu, akacheka mpaka miwani ikatoka. Kisha uso ukambadilika, akauliza jambo ambalo naona lilikuwa likimkera siku nyingi.

"Uliza yeye. Sisi nachimbisha choo kila nyumba. Bwana afya naandika jina. Lakini watu hapana tumia, mimi naona ndani buibui tu. Kwa nini?"

Nilishika chuma cha dirisha. Kisha nikamsikia Ombati akiuliza kwa upole, "Magokoro, choo cha tata, kwa nini wewe huendi?" Tata ni baba kwetu.

"Mimi?" Bibi alishangaa kweli. "Niende mahali mwanangu anakwenda? Nikutane naye mlangoni, yeye anatoka na mimi naingia? Bora minyoo."

Ombati akainuka, akamgeukia daktari, akasema kwa Kiswahili chake cha shule. "Bwana Daktari, watu hawakatai choo. Choo ni kimoja tu, na hapo ndipo penye kosa. Boma moja linataka vyoo viwili, kimoja cha baba na mama, kingine cha bibi na wajukuu. Bibi na wajukuu hawaoneani haya. Mkichimba viwili, buibui watahama."

Daktari aliacha kuandika.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Hakuna, Bwana. Kila mtu anajua. Hakuna aliyetuuliza."

Dakika kumi zilikuwa zimepita zamani. Ndipo daktari akamwuliza lile swali lililonishinda mimi: akiletewa mzee wa rika la baba yake, mgonjwa, atafanya nini, na yeye anaogopa?

"Simwogopi, Bwana. Namheshimu. Nitamtafuta mjukuu wake, amwulize badala yangu. Mimi nitakuwa karibu, nitasikia."

Orodha ilikuwa imeshapigwa chapa. Daktari aliongeza jina la Ombati chini kwa mkono, akapuliza wino ukauke. Mimi nililia, nawaambieni wazi, na kwa bahati nilikuwa bado nimeangalia dirishani. Magokoro aliuliza kama sasa anaweza kurudishiwa ndizi, kwa kuwa mzungu anaziogopa.

Baba yake Ombati alinung'unika kwamba karani wake amepotea, kisha akachimba choo cha pili. Mzee Onsongo nilipomwomba radhi alinishangaa. "Siku ile angejibu mbele yangu," akasema, "ni mimi ningemkataa."

Tangu mwaka huo nilibadilisha kazi yangu. Fomu hazikwenda tena kwa baba kwanza. Niliwaambia wanafunzi shule ikifungwa wakakae kwa bibi zao siku kadhaa, wawasaidie kulima na kuchota maji, wachokozane nao, na wasirudi kwangu bila jibu. Asiye na bibi upande wa baba aende kwa wa upande wa mama, na asiye na wote wawili aazime wa jirani. Baba walikuja baadaye kuweka sahihi, na wengi walisaini vizuri kwa sababu mama zao walikuwa wameshawaandaa. Makarani walipungua. Tulipata maseremala wanaopenda mbao, wakunga, mafundi wa redio, na msichana mmoja wa Kenyenya aliyetaka kusoma udongo. Sikujua kama udongo unasomwa, ikabidi nikaulize. Kuuliza si ujinga.

Sasa mna walimu wa ushauri wenye ofisi na makabati, na vitabu vyenye picha za kazi zote za dunia. Visomeni. Jueni alama zinazotakiwa, jueni masomo msiyoweza kuyaacha kama mnataka mlango fulani, angalieni siku za barua. Hayo ni kweli na ni muhimu. Lakini kuna jambo moja mtu analijua juu yake mwenyewe na hawezi kulitaja mbele ya kila anayemwuliza, na kunyamaza kwake si ujinga. Mtafute unayeweza kumtajia. Na wewe mzazi unayesoma juu ya bega la mwanao, mwache aende.

Nimalizie na la juzi, kisha mkanijazie hizo fomu. Wiki iliyopita nililazwa. Figo, wanasema. Nilikuwa nimelala nikitazama dari, mlango ukafunguka akaingia tabibu mwenye mvi kichwani, akainamisha macho, akanisalimu kwa heshima zote. Alikuwa Ombati. Nilifurahi mpaka maumivu yakapungua. Nikangoja anipime. Hakunigusa. Alisema, "Mwalimu, nimekuja na mtu," akafungua mlango tena, na nyuma yake akaingia Moraa na sare ya shule, karatasi ya maswali mkononi. Alikuwa amemtuma mtu akamchukue darasani.

Ombati alikwenda dirishani, akasimama amenipa mgongo wote, kalamu tayari.

"Babu," Moraa akasoma, akizuia kicheko, "tangu asubuhi umekojoa mara ngapi?"

Nilimjibu. Nilimjibu na yote yaliyofuata, rangi na maumivu na usingizi, na kila nilipojibu nilisikia kalamu ya dirishani ikienda. Maswali yalipokwisha nikamshika Moraa mkono nikamwambia, sasa ni zamu yangu. Mstari wa kwanza kwenye ile fomu, nini kinaenda hapo?

Alitazama mlangoni, kuhakikisha baba yake hajafika. Kisha akainama akaniambia sikioni, lakini kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona. Na Ombati, bila kugeuka, akaliandika na hilo pia.